Kutumika mwaka mmoja Ujerumani: mwongozo kwa kijana aliyetumwa na dayosisi yake

Kijana wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) anayechaguliwa na dayosisi yake kwenda Ujerumani kupitia UEM, ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ulaya wenye ofisi kuu Wuppertal, kwa kawaida hapelekwi kuhubiri. Hupangiwa kazi katika nyumba ya wazee, chekechea au makazi ya watu wenye ulemavu, chini ya utaratibu wa serikali ya Ujerumani wa kazi za kujitolea, ambao humpa bima ya afya, posho ndogo na siku 25 za semina kwa mwaka. Wengi wanaosikia neno misheni hufikiria mimbari, kumbe huko misheni yako itakuwa ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani.

Anza na lugha, na uianze miezi mingi kabla ya safari. Taasisi ya Goethe ya Dar es Salaam hufundisha Kijerumani, na aliye mbali na jiji anaweza kujifunza kwa mtandao. Pamoja na masomo ya kawaida, jifunze maneno ya kazi yenyewe: kijiko, mto, maumivu, choo, polepole, geuka, umeshiba. Kisha acha mapema ile adabu yetu ya kuitikia "ndiyo" ili kutomsumbua anayekueleza. Muuguzi akikuambia kwamba chakula cha mzee fulani lazima kisagwe kwa sababu anapaliwa, nawe ukatikisa kichwa bila kuelewa, unaweza kumdhuru mtu. Sema wazi kwamba hujaelewa, omba arudie, kisha rudia maagizo kwa maneno yako mwenyewe. Hakuna atakayekudharau kwa hilo, na ningesema ndilo jambo litakalowafanya wenzako wakuamini haraka kuliko yote.

Mambo ya ofisi hayasubiri. Ukishahamia katika chumba chako, unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, ukiwa na pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi hapo. Baada ya hapo hufuata akaunti ya benki na kibali cha ukaazi. Weka kila karatasi katika faili moja, wala usitupe barua yoyote iliyotoka ofisini, hata kama huielewi.

Ratiba ikiandika 6.30, hiyo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na maana yake ni kwamba wakati huo uwe umeshavaa sare na kunawa mikono, si kwamba uwe getini. Ukiona utachelewa, piga simu kabla ya saa hiyo kufika.

Katika nyumba ya wazee, siku huanza mlangoni. Bisha hodi, subiri, ingia, msalimie mzee kwa jina lake la ukoo ukitanguliza Frau (Bibi) au Herr (Bwana). Kwetu kumtaja mzee jina hivyo ni kama kumvunjia heshima, lakini huko ndiyo heshima yenyewe. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Unaposaidia kumwogesha kitandani, jaribu maji kwanza kwa mkono wako, safisha sehemu moja, ikaushe, ifunike, ndipo uende sehemu nyingine, ili asilale uchi huku akitetemeka. Unapomlisha, keti ili macho yenu yawe usawa mmoja, tia kidogo kijikoni, na usiinue kijiko cha pili mpaka umeona amemeza. Dawa usiguse, kwa kuwa hiyo si kazi ya anayejitolea. Unayoyaona chumbani ni siri, na picha ya mzee haiendi kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa usharika, hata kama nia yako ni kuomba wamwombee.

Huenda siku moja ukatupiwa maneno ya kuumiza kuhusu rangi yako. Mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huenda hajui anachosema, na kwa huyo utahitaji moyo mpana. Lakini maneno hayo yakitoka kwa mfanyakazi, au kwa abiria anayekufuata njiani, mwambie msimamizi wako na mratibu wa programu, ukiandika siku na mahali. Usinyamaze eti kwa sababu Mkristo huvumilia. Kunyamaza huko humwachia taabu ileile kijana atakayekuja baada yako.

Je, utamshuhudia Kristo lini? Usimwombee mgonjwa kwa sauti bila yeye kukuruhusu, lakini akikuuliza kwa nini umekuja, mjibu kwa sentensi mbili za kweli. Makanisa yetu yanaufahamu utumishi wa namna hii. Bethel, kituo cha huduma kilichoko Bielefeld, Ujerumani, ilianza mwaka 1867 kwa kuwatunza wenye kifafa, na wamisionari waliohusiana na kituo hicho ndio waliofungua Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wagonjwa wa akili wanatunzwa hadi leo. Kumlisha mtu kwa subira ni sehemu ya kazi hiyohiyo.

Jumapili utakuta ibada fupi, vijana wachache, na hakuna mnada wa ndizi na kuku nje ya kanisa. Usiyataje hayo kama upungufu wao. Jiunge na kwaya, au, ikiwa nyumbani ulipiga tarumbeta, uliza kuhusu kikundi cha matarumbeta cha usharika, kwa maana utazisoma noti kabla hujaweza kuzungumza vizuri. Ukialikwa kuzungumza juu ya Tanzania, usipeleke picha za umaskini peke yake. Waeleze jinsi makanisa saba yalivyoungana mwaka 1963 na kuwa KKKT, na jinsi usharika wako unavyojiendesha. Usiombe fedha kwa ajili yako au ndugu zako. Mahitaji ya usharika yapitie dayosisi, la sivyo utumishi wako wote utatiliwa shaka.

Zungumza na wazazi kuhusu posho kabla hujaondoka, wawaeleze ndugu kwamba haitoshi kutuma nyumbani kila mwezi. Mwezi Desemba jua huzama kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na upweke huzidi. Nunua koti zito katika duka la nguo za mitumba, toka nje mchana hata kama kuna baridi, na jioni moja au mbili kwa wiki uwe na wenyeji badala ya simu.

Miezi miwili kabla ya kurudi, omba cheti cha kazi kinachoeleza majukumu yako, kwa kuwa huandikwa taratibu. Katika siku za mwisho jiondoe kwenye daftari la wakazi, funga akaunti na bima, kisha mwandikie mratibu wa dayosisi taarifa inayotaja kituo, kazi, yaliyokuwa magumu, na mambo ambayo kijana anayefuata anapaswa kufundishwa kabla ya kupanda ndege.