Somo: Kupima unene na unyumbufu wa ukuta wa ateri ya shingo kwa programu ya ultrasaundi

Programu hupima haraka na haichoki. Lakini haiitambui ateri. Inafuata tu mpaka wa weupe na weusi. Ukiipa picha mbovu, itakutolea namba nzuri ya kitu kisicho ukuta.

1. Mlaze mgonjwa chali, apumzike kama dakika 10, shingo igeuke kidogo. Pima shinikizo la damu mkononi, funga nyaya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

2. Tumia proba bapa (kifaa kinachogusa shingo na kutuma mawimbi ya sauti) ya MHz 7 au zaidi. Ishike kwa wepesi, ukikandamiza ateri itabonyea.

3. Hapa ndipo penye kazi. Itazame ateri kwa urefu, ukuta wa chini kwenye skrini: mistari miwili myeupe, katikati utepe mweusi. Mawimbi yaupige ukuta wima. Mistari yote miwili ionekane bila kukatika kwa milimita 10, kabla ya pale ateri inapoanza kutanuka ili igawanyike. Geini (ukuzaji wa mwangwi) ikizidi, mistari hunenepa.

4. Simamisha picha kwenye wimbi R (kilele kirefu) la ECG, mwisho wa diastoli, yaani moyo unapolegea. Weka kisanduku juu ya mistari hiyo, programu ichore mipaka. Sasa kuza picha, ufuate mchoro kwa jicho. Mahali ulipoparamia kwenye damu au kuruka utepe, usiupokee. Rudia kwa mipigo kadhaa.

5. Kwa unyumbufu, rekodi video fupi. Kipenyo hubadilika kwa sehemu ya milimita tu, kwa hiyo mgonjwa asimeze mate wala kuongea. Badiliko la eneo la mshipa gawanya kwa eneo la diastoli, kisha kwa tofauti ya shinikizo la juu na la chini.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mbona ukuta wa juu tunauacha?
Mwangwi wa tabaka la nje humwagikia ndani, hivyo unene hutegemea sana geini.

Kisanduku kikiangukia plaki (uvimbe wa mafuta kwenye ukuta)?
Kihamishe. Unene unaozidi mm 1.5, au uvimbe uliojitokeza ndani ya mshipa kwa mm 0.5 au zaidi, huripotiwa peke yake.

Mgonjwa wangu alipimwa mwaka jana kwa mashine nyingine. Nilinganishe?
Hapana, ndugu. Ukuta huongezeka takriban mm 0.01 kwa mwaka. Tofauti ya mashine mbili inaweza kuzidi hapo mara nyingi. Linganisha na watu wa umri na jinsia yake.