Kumpa Mhudumu wa Meli Bakshishi kwa Noti Zisizo za Kawaida: Mwongozo kwa Msafiri wa Mombasa

Bakshishi ambayo msafiri humpa mhudumu wa meli ya kitalii haimalizi safari yake siku ile inapotolewa. Hutoka kabinini, hukaa katika bahasha ya mhudumu hadi mkataba wake wa miezi kadhaa utakapokwisha, kisha hufika kwenye dirisha la kubadilishia fedha mjini Manila, Jakarta, Mumbai, au hapa Mombasa kwenye Barabara ya Nkrumah, ambako karani huigeuza, huiinua kwenye mwanga na kuamua kama ataipokea. Sisi wa Mombasa tunalijua vizuri dirisha hilo, kwa kuwa vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaofanya kazi katika meli hizo hurudi nyumbani na noti za kila aina, na wapo ambao hubaki na baadhi yake kwa sababu hakuna aliyekubali kuzibadilisha. Kwa hiyo, yeyote anayetaka kutoa bakshishi kwa noti isiyo ya kawaida, iwe ni dola mbili za Marekani, noti ya ukumbusho au noti ya zamani, anapaswa kuanza na swali moja: je, karani wa dirisha lile ataipokea?

Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Mhudumu anayesafisha kabini kumi na kadhaa kila siku hupokea noti nyingi zinazofanana, na noti moja tofauti, mpya na safi, iliyotolewa kwa jina lake na kwa shukrani ya kweli, humwambia kwamba kuna mtu aliyefikiria kumhusu kabla hata hajaondoka nyumbani. Lakini heshima hiyo hupotea kabisa ikiwa noti yenyewe haiwezi kununua unga.

Kabla ya noti, elewa hesabu ya meli

Katika meli nyingi za kampuni kubwa za Marekani, bakshishi ya kila siku hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya abiria. Kiasi chake mara nyingi ni kati ya dola 15 na 20 hivi kwa kila abiria kwa siku, na fedha hizo hugawiwa wahudumu wa kabini, wa mezani, na wengine wa nyuma ya pazia ambao abiria hawaoni, kama vile wafuaji wa nguo. Vinywaji navyo huongezewa ada ya huduma ambayo aghalabu ni asilimia 18 hadi 20. Zipo pia kampuni ambazo zimeingiza yote hayo katika nauli. Soma masharti ya tikiti yako kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu noti unazozibeba ni nyongeza juu ya hesabu hiyo na hazichukui nafasi yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu wapo abiria wanaokwenda kwenye dawati la huduma kwa wageni, wakaomba makato ya kila siku yaondolewe, kisha wakatoa noti chache za mkononi wakiamini kwamba wamewafikia wahudumu moja kwa moja. Wafuaji wa nguo hawapati chochote kwa njia hiyo. Isitoshe, katika baadhi ya kampuni, mhudumu aliyepewa fedha taslimu na abiria aliyeondoa makato hutakiwa kuziwasilisha kwenye mfuko wa pamoja. Acha makato yabaki, kisha toa noti zako kama zawadi.

Noti ya dola mbili

Katika noti zote zisizo za kawaida, hii ndiyo ninayoipendekeza, ila kwa masharti. Noti ya dola mbili ni fedha halali ya Marekani, ingawa Wamarekani wengi wenyewe huiona mara chache. Mbele ina picha ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo, na nyuma ina mandhari ya kuwasilishwa kwa Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Uchapishaji wake ulisimamishwa mwaka 1966, ukarejeshwa mwaka 1976 katika maadhimisho ya miaka 200 ya uhuru, na noti hiyo imeendelea kuchapishwa kwa vipindi hadi karne hii. Abiria wa Kimarekani wanaoipenda huagiza bunda la noti 100, yaani dola 200, kwenye benki zao kabla ya safari. Hapa Mombasa usitarajie kuikuta dukani. Ukiwa na ndugu au rafiki anayekuja kutoka Marekani, mwombe akuletee, na umweleze wazi ni noti za aina gani unazozihitaji.

Uwazi huo una sababu yake. Serikali ya Marekani hutambua noti zake zote zilizotolewa tangu mwaka 1861, lakini karani wa Mombasa, wa Jakarta au wa Manila hafuati sera ya Washington. Hufuata maagizo ya mwajiri wake. Maduka mengi ya kubadilishia fedha nchini mwetu hukataa dola zenye mwaka wa zamani, hasa zilizotangulia mwaka 2006, na huko Indonesia hata mkunjo au doa dogo huweza kupunguza bei ya noti au kuifanya ikataliwe. Mwaka wa toleo la noti umechapishwa upande wa mbele, karibu na picha. Tatizo la dola mbili ni kwamba nyingi zilizomo mikononi mwa watu ni za mwaka 1976 na 1995, na ingawa ni halali kabisa, mhudumu akizileta hapa atahangaika nazo. Mwombe ndugu yako achague za mwaka 2013 au za baadaye, zisizokunjwa wala kuandikwa, na ukizipata uzihifadhi ndani ya kitabu.

Zipo pia dola mbili za zamani zenye muhuri mwekundu, za miaka kama 1953 na 1963. Wakusanyaji huzithamini, na msafiri anaweza kudhani kwamba kumpa mhudumu noti kama hiyo ni kumpa kitu kikubwa zaidi. Mimi naona ni kumpa mzigo, kwa kuwa hana muda wa kumtafuta mkusanyaji, na karani asiyewahi kuona muhuri mwekundu atamtazama kama mtu aliyeleta noti bandia.

Shaka ya ubandia huikumba hata dola mbili mpya. Noti ya dola 100 iliyoanza kutolewa mwaka 2013 ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi, na noti za kuanzia dola 5 zina uzi wa usalama unaoonekana kwenye mwanga. Noti za dola 1 na dola 2 hazina vitu hivyo. Karani aliyezoea kutafuta uzi huo asipouona husita. Mhudumu akijua sababu anaweza kujieleza: karatasi ni ya pamba na kitani kama ya dola nyingine, na chapa yake ina mwinuko mdogo unaosikika kwa kidole. Kwa hiyo, unapoitoa, mwambie kwa maneno machache kwamba ni fedha halali. Akiwa ni mtu wa kwetu, utamwambia, “Ndugu yangu, hii ni dola mbili halali, usiidhanie ni ya mchezo, ukifika nyumbani ukaona wanaikataa, mpe mtu anayesafiri kwenda Marekani, ataitumia bila shida.” Maneno hayo yana faida kuliko kumwongezea noti nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu dola mbili ni bei. Madirisha ya Mombasa huwa na bei mbili au tatu za dola: noti za 50 na 100 hupata bei nzuri, na noti ndogo za 1, 2 na 5 hupata bei ya chini, au hukataliwa. Mhudumu aliyepewa noti 10 za dola mbili hatapata hapa shilingi sawa na aliyepewa noti moja ya dola 20. Ndiyo maana ninashauri kwamba kiini cha bakshishi kiwe katika noti ya kawaida ya dola 20 au zaidi, na dola mbili iwekwe juu yake kama kitoweo juu ya wali. Watu wengi wa Vietnam, na baadhi ya Wafilipino, huiona dola mbili kuwa noti ya bahati na huihifadhi kwenye pochi bila kuitumia. Kwao noti moja inatosha, na furaha yake ni ya kweli.

Noti za kuacha nyumbani

Kuna noti ambazo ni tofauti kwa sababu zimekufa. Noti za karatasi za Uingereza ni mfano wa karibu kwa familia nyingi za pwani zenye jamaa London au Leicester. Pauni 5 ya karatasi iliondolewa Mei 2017, pauni 10 Machi 2018, na pauni 20 na 50 mwishoni mwa Septemba 2022. Benki Kuu ya Uingereza bado huzipokea, lakini baharia wa Goa hatapanga foleni London kwa ajili ya pauni 5. Noti zinazotolewa na benki za Scotland na Ireland ya Kaskazini zingali hai, ila nje ya Uingereza ni vigumu kumpata anayezibadilisha, kwa hiyo nazo ziache.

Faranga za Ufaransa zilifungiwa mlango Februari 2012. Rupia 500 na 1,000 za zamani za India zilifutwa Novemba 2016, na rupia 2,000 ilianza kuondolewa kwenye mzunguko Mei 2023; usizitoe kwa mhudumu wa Kihindi ukidhani unamfurahisha. Noti ya yuro 500 ni halali, lakini haitolewi tena tangu mwaka 2019 na maduka mengi huiogopa. Ile inayoitwa yuro sifuri, inayouzwa kwenye makumbusho ya Ulaya, si fedha hata kidogo, na noti ya dola trilioni 100 za Zimbabwe ya mwaka 2009 ni ya maonyesho tu. Vitu hivi viwili vinaweza kuwa zawadi kwa mtu uliyezoeana naye, baada ya bakshishi halisi kutolewa na kwa kumweleza kwamba ni kumbukumbu.

Sarafu za nchi yoyote, ikiwemo sarafu ya dola 1, hazibadilishwi kwenye madirisha mengi. Usizitoe.

Shilingi yetu

Msafiri wa Mombasa hupenda kuacha alama ya kwao, na hilo ni jema. Noti zilizotolewa mwaka 2019 hazina picha kubwa ya rais kama zile za awali, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekataza picha ya mtu yeyote kwenye noti, na badala yake zina jumba la mikutano la KICC la Nairobi mbele na maudhui ya nchi nyuma. Ile ya shilingi 500 inahusu utalii. Kwa mhudumu wa kigeni, noti moja mpya ya shilingi 50 au 100 ni kumbukumbu nzuri inayoambatana na dola, kwani nje ya Afrika Mashariki shilingi yetu ni vigumu kubadilishwa. Kwa Mkenya aliyemo melini, shilingi 1,000 safi ni bakshishi kamili: ataitumia kwa nauli ya kwenda nyumbani siku atakaposhuka, bila kupitia dirisha lolote. Ila hakikisha si ile ya zamani. Shilingi 1,000 ya toleo la awali ilikoma kuwa fedha baada ya tarehe 30 Septemba 2019, na bado huibuka kwenye masanduku ya wazee wetu.

Namna ya kutoa

Weka noti katika bahasha, andika jina la mhudumu kwa usahihi kama linavyoonekana kwenye kibandiko cha kifuani, na uongeze mistari miwili ya shukrani inayotaja jambo mahususi alilolifanya. Usiandike chochote juu ya noti yenyewe wala usiipige muhuri, maana noti iliyoandikwa hukataliwa upesi. Usiikunje kuwa ua au mashua. Inapendeza kwa dakika moja na huacha mikunjo ya kudumu. Mpe mkononi, kwa mkono wa kulia, pembeni, mbali na wenzake na wasimamizi. Ukiiacha mezani au kitandani bila jina, mhudumu mwaminifu huweza kuiogopa akidhani ni fedha iliyosahauliwa.

Kuhusu wakati, wengi hutoa usiku wa mwisho. Mimi hupendelea kutoa mapema kidogo, siku moja kabla ya mwisho, kwa sababu siku ya kushuka wahudumu wanakimbizana na mashuka, na aliyekuhudumia kwa wiki nzima unaweza usimwone tena. Kabla ya kuondoka nyumbani, agiza noti za kawaida, kama za dola 20, kwenye duka la kubadilishia fedha siku kadhaa mapema, kwani ukifika ghafla watakupa za 100 tupu. Uliza pia fedha inayotumika melini. Baadhi ya meli za Bahari ya Mediterania hufanya hesabu zake kwa yuro.

Ukirudi na kuteremkia Kilindini ukiwa bado na dola mbili kadhaa mfukoni, usizimalizie kwa mpagazi wa gatini au kwa dereva wa teksi anayekungoja nje ya lango. Yeye ndiye atakayekwenda nazo dirishani jioni hiyo hiyo na kuambiwa kwamba noti ndogo hazipokelewi. Mlipe kwa shilingi, au umtumie kwa M-Pesa, na dola mbili zilizobaki uzirudishe kitabuni hadi safari nyingine.