Kutembeza mbwa Manguo (Limuru) bila kugombana na wachungaji

Manguo ni lile ziwa la msimu pale Limuru, Kenya, mvua zikinyesha maji yanapanda yanafunika hadi shamba za watu, kiangazi kikikolea unapata majani tu na ng'ombe. Ndio maana kabla sijasema kitu kingine, hiyo nyasi ya ukingoni ina wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua msimu. Machi hadi Mei ni mvua ndefu, matope mpaka magoti, kaa nyumbani. Kuanzia Juni maji yanaanza kurudi na ukingo unakauka, ila Julai beba jaketi, ukungu wa Limuru hauna huruma.

Hatua ya 2: Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka. Huko kuna watoto na mbwa wa shamba wasiojulikana.

Hatua ya 3: Ukifika salimia wachungaji, uliza pa kupita. Mbwa abaki kwa kamba hadi uwe mbali na kondoo kabisa, yule wako mpole nyumbani akiona kondoo akikimbia ni mbwa mwingine, na mwenye kondoo hatasubiri maelezo. Oktoba hadi Machi mimi simfungui hata kidogo, kuna ndege wametoka Ulaya wanakula na kupumzika majini, wakifukuzwa kila saa wanaishiwa nguvu bure.

Hatua ya 4, na hii usiruke: angalia maji. Yakipungua na jua liwe kali, pembeni panaweza kuwa na utando wa kijani kama rangi imemwagika, huo ni mwani na kuna aina zenye sumu inayoua mbwa kwa masaa machache tu. Hapo haogelei, hanywi, mrushie mpira upande wa nyasi. Akiingia kwa bahati mbaya msuuze na maji safi mara moja kabla hajajilamba, ukiona anatapika au anatetemeka ni vet saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi. Beba lita 5 zako kutoka nyumbani. Pia tanguliza fimbo, tope lililopasuka juu linaonekana gumu kumbe chini ni uji.

Hatua ya 5: Kabla hajaingia kwa gari tafuta kupe, ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia. Kupe huambukiza ugonjwa wa damu, kwa hivyo wiki mbili zinazofuata angalia fizi, zikipauka au mkojo uwe kahawia mpeleke apimwe damu.

Kinyesi weka kwa mfuko, urudi nao, ng'ombe wanakula hapo.