Jinsi ya kubashiri kama jeni mbili zinaathiriana, na inavyosaidia kupata dawa

Kama unasoma bailojia au famasia, laptop na bando vinatosha kuanzia, data nyingi ni za bure. Ila kabla hujafungua tovuti yoyote shika hesabu hii. Ukizima jeni A seli ikaendelea kukua kwa asilimia 80 ya kawaida, ukizima B ikakua kwa 70, basi ukizima zote unategemea 0.8 × 0.7, yaani 56. Ukipima ukakuta 55 hamna kitu hapo, kila moja na lake. Ukikuta 5 zinaathiriana, na ukikuta 70 pia zinaathiriana, mara nyingi zinafanya kazi kwenye njia moja.

Hii sio nadharia tu. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliotoka 2005 ulionyesha kubeba jeni moja ya selimundu kunakinga na malaria kali, alfa thalasemia (tatizo jingine la damu la kurithi) nayo inakinga, lakini mtu akiwa nazo zote mbili kinga inakaribia kupotea kabisa! Ndo maana usijumlishe jumlishe tu.

Sasa ingia STRING, tovuti inayoonyesha protini zinazohusiana, andika jeni yako, chagua binadamu, pandisha skoo ya uhakika hadi 0.7 afu toa tiki ya textmining, maana ile inaunganisha protini kwa vile tu zimetajwa pamoja kwenye makala. Mistari itapungua sana na usiogope, inayobaki ndo ya kufuatilia. Lakini STRING inakwambia protini zinazohusiana, haikwambii kama seli itakufa ukizima zote.

Kwa hilo nenda tovuti ya DepMap, kuna aina zaidi ya 1,000 za seli za kansa ambazo jeni zake zimezimwa moja moja kwa CRISPR (mkasi wa kukata jeni), na jeni ya pili ni ile ambayo kansa yenyewe imeshaipoteza. Kila jeni inapewa skoo, sifuri maana yake seli haijali, kushuka hadi -1 maana yake inaihitaji kweli. Jaribu jeni ya WRN, utaona seli nyingi ziko karibu na sifuri ila kuna kundi limeshuka, na hapo jiulize kundi hilo linashea nini. Jibu ni kwamba nyingi zimeharibikiwa mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA, mfano zimepoteza MLH1, jeni mojawapo ya mfumo huo. Hilo lilitangazwa 2019 na dawa za kuzuia WRN zimeshaanza kujaribiwa kwa wagonjwa.

Njia hii imeshafika hospitali, dawa ya olaparib iliidhinishwa 2014 kwa kansa ya ovari. Inazuia PARP, protini inayosaidia kurekebisha DNA, kwa hiyo seli za kansa zilizopoteza BRCA (BRCA1 au BRCA2, jeni nyingine za kurekebisha DNA) zinakosa njia ya kujirekebisha zinakufa, wakati seli zenye afya za mgonjwa bado zina BRCA inayofanya kazi.

Ukishapata pea yako tafuta na jeni ya tatu inayoweza kuivuruga. Seli isiyo na BRCA1 ikipoteza na jeni nyingine, ya 53BP1, inarudisha uwezo wa kurekebisha DNA na dawa inaacha kufanya kazi, kwa hiyo angalia hilo mapema kabla hujapeleka wazo lako maabara.