Kabla hujafungua boneti: namna ninavyokagua gari la mkononi

Ninanyoosha bodi za magari hapa Dar es Salaam, mwaka wa 19 sasa. Gari linaletwa kwangu limejikunja, fenda imeingia kwenye tairi, kioo kimesagika, na wakati mwingine kiatu cha mtu bado kiko chini ya pedali. Likitoka gereji unapita nalo barabarani na hakuna anayegeuza shingo. Sisi mafundi bodi tunajua pa kuangalia kwa sababu ndipo tunapofichia.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na pesa yake tayari. Yeye na mkewe wana mtoto wa miezi minane, wanataka gari dogo, IST au Vitz, la kwenda kazini na la kuwafikisha Morogoro kwa wakwe mara moja moja. Tulizunguka yadi Jumamosi nzima. Kila tulipofika, muuzaji alikimbilia boneti: sikiliza injini, hii haijafunguliwa, kiyoyozi kinagandisha, kilometa zenyewe chache. Nikamwambia muuzaji, "Mjomba, funga hiyo boneti kwanza."

Injini mbovu itakula pesa yako. Vitu ninavyovieleza hapa vinahusu nani atashuka kwa miguu yake siku gari likigonga. Ndiyo maana navikagua kwanza.

Kaa kwenye siti ya dereva, geuza ufunguo mpaka ON bila kuwasha injini, halafu tazama dashibodi. Taa ya eabegi, mfuko unaofumuka ghafla kumkinga mtu gari likigonga, ni ile yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake au maandishi SRS. Inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, kisha izime yenyewe. Ikiwaka isizime, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, hapo kuna mtu ameng'oa balbu au amebandika tepu nyeusi nyuma yake. Wapo wanaounganisha waya wake na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi aridhike. Kuwagundua ni rahisi: acha ufunguo kwenye ON, usiwashe injini, hesabu taratibu hadi kumi na tano. Taa halali itajizima yenyewe wakati injini bado iko kimya. Ile iliyounganishwa itabaki inawaka mpaka injini iwake. Taa ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, ichunguze hivyo hivyo.

Kisha pitisha kiganja juu ya dashibodi upande wa abiria, pale eabegi inapotokea. Tafuta uvimbe, mahali pagumu kuliko pengine, rangi inayong'aa tofauti. Ukikuta pamefunikwa kwa kitambaa cha manyoya kilichogundishwa, omba kinyanyuliwe. Akikataa, ondoka.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa gari ambalo eabegi zote mbili za mbele zilikuwa zimelipuka. Mpya zilikuwa ghali, mwenye gari alitaka kuuza, nikaambiwa nizibe. Nikajaza sponji, nikapaka puti ya plastiki, nikapiga msasa mpaka kidole hakihisi mshono, nikapuliza rangi. Nilisifiwa sana. Siku wanunuzi wanakuja kulichukua, mama wa familia alikaa mbele, akaweka mkono juu ya ile dashibodi na kuwageukia watoto nyuma. Chini ya kiganja chake palikuwa na sponji. Tangu siku ile kazi hiyo siifanyi, hata mteja aongeze pesa.

Hata eabegi ambayo haijaguswa inahitaji swali moja. Eabegi za kampuni ya Takata ya Japani, zilizofungwa kwenye magari ya makampuni mengi, Toyota, Honda na Nissan yakiwemo, zilitumia kemikali ya amonia naitreti kuulipua mfuko. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya kulipuka inapasua kopo lake la chuma na kumrushia dereva vipande usoni na shingoni. Mamilioni kwa mamilioni ya magari yaliitwa yakabadilishiwe, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ni hali yetu ya kila siku huku Dar, Tanga na Mombasa. Kwa hiyo nakili namba ya chesisi kama ilivyo kwenye kibati, uingie tovuti ya Toyota ya Japani, au ya kampuni iliyotengeneza gari lako, kwenye ukurasa wa kukagua magari yaliyoitwa kurekebishwa. Simu yako itakutafsiria Kijapani. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Mikanda. Watu wanaivuta kidogo, wanasikia klipu inalia "tak", basi. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ule uchafu wa chini uuone. Mkanda uliomshikilia mtu kwenye ajali unabaki na kumbukumbu: sehemu inayopita kwenye pete ya juu inakuwa imeng'aa kama imepigwa pasi ya moto, nyuzi za pembeni zimenyauka, na pete yenyewe ya plastiki ina mikwaruzo iliyoyeyuka. Magari mengi yana kifaa kinachoukaza mkanda kwa mlipuko mdogo wakati wa kugonga. Kikishafanya kazi mara moja, kimekwisha, na mara nyingi mkanda unabaki umekwama, haurudi vizuri. Chini kabisa kuna lebo iliyoshonwa, ina tarehe. Mkanda wa 2016 kwenye gari la 2012 umetoka kwenye gari jingine, na uulize kwa nini. Mwisho uvute kwa kushtukiza, ushike; uachie, urudi wote. Rudia kwa mikanda yote, hata wa katikati nyuma, ambao mara nyingi nauokota ukiwa umezama chini ya siti na haujawahi kutumika.

Kwenye yadi ya pili mpwa wangu alipenda IST moja nyeusi, rimu za spoti, rangi kama kioo. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaingiza kucha chini ya raba. Nikakuta ukingo wa rangi, mstari mwembamba kama wa karatasi. Rangi ya kiwandani haina ukingo pale. Huo unaachwa na tepu ya mpiga rangi. Basi nikaanza kutafuta jeraha. Vichwa vya bolti zinazoshika fenda na bawaba za boneti vilikuwa vimechubuka kwa spana. Kwenye buti tulinyanyua kapeti na tairi la akiba: sakafu ilikuwa na mikunjo midogo iliyonyooshwa kwa nyundo, na gundi ya mshono imepakwa kwa kidole, ikaacha alama za kidole. Mashine ya kiwandani inapaka gundi laini, sawa mwanzo hadi mwisho. Alama za kuchomelea za kiwandani nazo ni vishimo vya duara vilivyopangwa kwa umbali unaolingana. Ukikuta mahali vimepotea na pamesagwa, pamekatwa. Gari lile lilikuwa limegongwa nyuma vibaya, na mtoto wa mpwa wangu angekaa siti ya nyuma.

Kuna magari mabaya zaidi ya hilo: mbele ya gari moja na nyuma ya jingine, yakaunganishwa katikati. Nyanyua kapeti chini ya siti za mbele, angalia sakafu kutoka upande hadi upande, na uangalie nguzo za milango chini ya plastiki. Ukiona mshono wa kuchomelea unaovuka sakafu, usibishane bei. Kama gari limeagizwa Japani, omba pia karatasi ya mnada, ile inayoandika hali na daraja la gari lilipouzwa kule. Daraja la R au RA maana yake lilishafanyiwa matengenezo ya ajali huko huko.

Mtu ataniambia, fundi, kukunjika ndiyo tatizo la haya magari ya siku hizi, bati kama la kopo. Magari ya zamani yalikuwa chuma. Nabishana na watu kuhusu hili kila wiki. Gari linalokunjika mbele linakula nguvu ya ajali ili isifike kwenye kifua chako. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, ndiye aliyelipigania wazo la mbele na nyuma zinazokunjika na chumba cha abiria kisichokunjika, na gari lililojengwa hivyo lilianza kuuzwa mwaka 1959. Mwaka huo huo Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa pointi tatu tunaoutumia mpaka leo, na Volvo wakawaruhusu wengine kuuiga bure. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya IIHS ikagonganisha uso kwa uso Chevrolet Bel Air ya 1959, chuma kitupu, na Chevrolet Malibu ya 2009, kwa kama kilometa 64 kwa saa. Chumba cha dereva wa Bel Air kilisambaratika, usukani ukasukumwa kwa sanamu la dereva. Angekuwa mtu, asingepona. Wa Malibu angeumia mguu. Nyumba imara ni ile ya katikati, na mbele paachiwe pavunjike. Ndiyo maana kunyoosha mbele kwa nyundo na gesi ni hatari: chuma kilichochomwa na kunyooshwa hakikunjiki tena kama kilivyopimwa. Na ndiyo maana nakataa kufunga mabomba ya chuma mbele ya gari dogo. Lile bomba linapeleka pigo moja kwa moja kwenye chesisi, na mtembea kwa miguu utakayemgonga halimwachii nafasi.

Kuhusu aina ya gari nina msimamo. Hiace na ndugu zake, dereva amekaa juu ya tairi la mbele na injini iko chini yake. Miguu yake ndiyo bampa. Kama ni lazima kwa biashara, sawa, lakini ukinunua iliyokuja kama ya mizigo na kufungwa siti hapa, ingia chini uone zimefungwaje. Nimezing'oa siti kwa mikono miwili, bolti zake zimeshika bati tupu. Gari la familia liwe na mapumziko ya kichwa na mkanda wa pointi tatu kwa kila anayekaa. Na kati ya magari mawili ya bei moja, chagua lenye udhibiti wa kuteleza, Toyota wanauita VSC: una kitufe au taa yenye picha ya gari na mistari ya kujipinda. Ukikwepa ng'ombe ghafla, mfumo unapiga breki tairi moja moja kulirudisha gari kwenye mstari. Ulaya wameulazimisha kwa magari yote mapya tangu 2014. Mimi ningeacha rimu za spoti, redio kubwa na kioo cha juu, nichukue VSC.

Tairi ni dakika moja tu. Tafuta maandishi DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 3014 ni wiki ya 30 ya mwaka 2014. Kashata, yale meno ya tairi, zinaweza kuwa nzima kabisa na mpira umeshakauka. Kunja ubavu kwa kidole uone nyufa.

Gari la tatu lilikuwa Vitz ya kijivu ya 2012, imekwaruzwa ubavu mzima, kilometa nyingi, muuzaji hata hakulisifia. Bolti zote zilikuwa na rangi yake ya kwanza. Taa zilizima zenyewe. VSC ipo. Mikanda ilirudi yote mitano. Tairi zilikuwa za 2014, tukaondoa bei ya tairi nne kwenye mazungumzo. Tulilitoa nje, kwenye uwanja mtupu nikamwambia aende kilometa 40 kwa saa akanyage breki kwa nguvu zote asiachie. Pedali ikatetemeka chini ya mguu wake, akataka kuachia. Nikamwambia shikilia hapo hapo, hiyo ni ABS inafanya kazi.

Aliponunua nilimkalisha vizuri. Watu wengi wanalalia siti wakidhani ndiyo uendeshaji. Kaa wima, kati ya kifua na usukani iwepo sentimita 25 au zaidi, juu ya pumziko la kichwa palingane na utosi. Mkanda wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Wa juu katikati ya bega. Nikamwambia pia kuwa kutoka 80 kwenda 100 nguvu ya pigo inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na barabara ya Chalinze haikusamehe hiyo nusu.

Mkewe aliuliza kwa nini asimpakate mtoto mbele, kama tulivyolelewa wote. Nikamshikisha ndoo ya maji ya lita 10, uzito karibu sawa na wa mwanawe. Gari likigonga kwa 50 na kusimama ndani ya nusu mita, ndoo hiyo inavuta kama kilo 200. Aliiweka chini, akamtazama mumewe.

Jumapili walileta kiti cha mtoto. Tulikifunga siti ya nyuma, kikiangalia nyuma, maana mbele yenye eabegi kiti cha namna hiyo hakikai kamwe. Nikamwonyesha mama mtoto: pitisha mkanda kwenye njia yake, weka goti ndani ya kiti, lemea kwa uzito wako wote, ndipo uvute mkanda ukaze. Ukikishika pale mkanda unapopita na kukitikisa, kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mara ya kwanza kilicheza. Akavua viatu, akapanda na goti tena.