Injini Inalia? Sikiliza Kabla ya Kufungua

Mteja akiniambia gari linalia, namuuliza: lini? Injini ikiwa baridi, au ukikanyaga mafuta? Nusu ya jibu imo humo.

Anza na oili. Egesha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Ikiwa chini ya alama, ongeza. Tiki-tiki za valvu mara nyingi hunyamaza.

Mluzi mkali wakati wa kuwasha? Huo ni mkanda wa mpira unaozungushwa na injini. Urushie matone ya maji: mluzi ukikoma kisha ukarudi, mkanda umechakaa au puli (magurudumu unamopita) hazijanyooka, ukizidi, mkanda umelegea.

Beringi za altaneta (kifaa kinachochaji betri) na pampu ya maji nazisaka kwa bisibisi ndefu, injini ikiwaka. Ncha naigusisha kwenye kasha lisilozunguka, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Watu hunicheka, lakini beringi iliyokufa inakoroma waziwazi. Kunja mikono ya shati, vua tai, visinaswe na mkanda!

Ila mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka kasi pamoja na injini, usiuchezee. Huenda ni beringi za konrodi, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na shafti kuu ya injini. Zima papo hapo, gari livutwe hadi gereji.