Ukiambiwa bunduki ya kale "ilirudi kiwandani ikatengenezwa", hakiki hivi kabla hujatoa hela

Wauzaji wa bunduki za kale kule Marekani wanapenda sana kusema "hii ilirudi kiwandani". Utaisikia pale rangi inapong'aa kuliko umri wa bunduki, au mtutu hauendani na mwili, na hapo wanachotetea ni bei, maana iliyosuguliwa na fundi wa mtaani thamani inashuka vibaya ila iliyorekebishwa na kiwanda chenyewe wakusanyaji bado wanaiheshimu. Kwa hiyo anayedai ndo alete ushahidi. Makaratasi, chapa na chuma vyote viseme kitu kimoja.

Kwanza kabisa hakikisha haina risasi, hata kama imeshakuwa pambo la ukutani.

Anza na makaratasi. Kwa bunduki za zamani za kampuni ya Winchester, madaftari ya kiwanda yako Cody, Wyoming, kwenye jumba la makumbusho la Buffalo Bill Center of the West, unawapa modeli na namba ya bunduki wanakutolea barua. Humo tafuta herufi R&R, maana yake ilirudishwa ikarekebishwa, na mara nyingi kuna tarehe pembeni. Sasa sikiliza hapa, R&R kwa kawaida haisemi nini kilifanyika, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha R&R ya 1891 akasema basi na hii rangi mpya ni ya kiwanda, hapo ameruka hatua, inawezekana walibadilisha springi tu halafu rangi ikapakwa na mtu mwingine miaka sitini baadaye.

Ndo maana chapa ni muhimu. Winchester walianza kugonga alama ya WP (ya kuonyesha kiwanda kimeijaribu) ndani ya duara la yai mwaka 1905, sasa ukiikuta kwenye mtutu wa Model 1873 ambayo daftari linasema ilitoka stoo 1889, jua kuna kitu kilifanyika baada ya 1905, ama mtutu ulibadilishwa au bunduki ilipita tena kiwandani. Ila ukiona P peke yake ndani ya yai, huo ni mtutu uliouzwa kama spea kwa posta, na spea ya posta fundi yeyote angeweza kuifunga, kwa hiyo alama hiyo haithibitishi kwamba bunduki ilirudi kiwandani.

Smith & Wesson (kampuni ya bastola ya Marekani) wana utaratibu wao. Bastola iliyorudi kiwandani kwao Springfield, Massachusetts, mara nyingi iligongwa nyota ndogo karibu na namba chini ya mshikio, na ukifungua vile vibao vya mshikio (tumia bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, tafadhali) unaweza kukuta tarehe ya mwezi na mwaka, pengine na R ikifuatwa na N kwa iliyopakwa nikeli upya. Nyota peke yake mimi hainitoshi, nyota mtu anagonga hata gereji. Nyota pamoja na tarehe ndo mazungumzo yanaanza. Barua ya Smith & Wesson Historical Foundation itakwambia bastola ilitoka lini na ikiwa na rangi gani, kama ilitoka bluu na leo ni nikeli, lazima alama za kurudi ziwepo.

Halafu chuma chenyewe, na hapa usiwe na haraka. Chukua lenzi na taa, uiangalie kwa pembeni. Kiwanda kilisugua kwa kufuata kona, fundi wa haraka anazila, kwa hiyo angalia kingo zilizoviringika, matundu ya skrubu yaliyobonyea kama visahani, maandishi yaliyofifia upande mmoja, na vidonda vya kutu ambavyo rangi imevifunika. Kwa zile bastola za zamani za Smith & Wesson zinazokunjuka juu kuna siri nzuri, nikeli ya kiwanda kwa kawaida haikugusa nyundo wala kifyatulio, na kinga ya kifyatulio iliachwa bluu, sasa ukiona vyote vinang'aa nikeli mwanzo mwisho, shuka bei au ondoka.

Ukiamua kununua kabla barua haijafika, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti hayo maneno ya "ilirekebishwa kiwandani" pamoja na namba ya bunduki, na kwamba barua ikipingana nayo anarudisha hela yote. Akikataa kuandika, mlipe bei ya bunduki iliyopakwa upya, isizidi hapo.